Kupiga picha ndani ya ua la mparachichi kwa hadubini: mwongozo kwa mwisho wa kiangazi Lubumbashi

Hapa Lubumbashi hatuna majira ya kuchipua kama yale ya Ulaya, yanayokuja baada ya theluji, lakini tunayo majuma yetu ambamo miti huamka kabla ya mvua. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, wakati ardhi bado ni kavu na vumbi jekundu limetanda juu ya mabati, miombo iliyo pembezoni mwa mji hutoa majani machanga yenye rangi ya shaba, mijakaranda ya barabara za katikati hujaa zambarau, na mparachichi, ambao wengi wetu tunauita tu mti wa avoka, hufunikwa na maua madogo ya kijani kinachoelekea njano ambayo watu hupita bila kuyatazama. Mwongozo huu unahusu maua hayo madogo. Nimeyachagua kwa sababu mti huo umo katika viwanja vingi vya Katuba, Kenya na Kamalondo, mitaa ya mji wetu, kwa hiyo hakuna atakayehitaji safari kuupata, na pia kwa sababu ua la avoka lina jambo ambalo jakaranda halina: hufunguka mara mbili katika maisha yake, mara ya kwanza likiwa jike na mara ya pili likiwa dume. Anayetaka kuonyesha jambo hilo kwa picha hana budi kujali kwanza saa ya kuchuma, kisha wembe, kisha mwanga. Hadubini yenyewe inakuja nyuma ya hivyo vitatu, na hadubini ya kawaida ya shule inatosha.

Saa ya kuchuma

Ua lina upana wa takriban sentimita 1. Kwa nje lina vipande 6 vyenye vinyweleo, vinavyoshika nafasi ya petali. Ndani yake mna stameni 9, yaani nyuzi za kiume, zenye chavua, stameni nyingine 3 tasa ambazo ni fupi na hazizai chavua, tezi 6 za rangi ya chungwa zinazokaa mbili mbili kwenye vitako vya stameni za ndani, na katikati kabisa ovari moja, yaani chumba cha kike, yenye yai moja, ndilo linaloweza kuwa kokwa kubwa tunaloling'oa kwa kisu mezani. Sehemu zote hizi zipo tangu ua linapofunguka, lakini mkao wake hubadilika.

Linapofunguka mara ya kwanza, stameni zimelala upande wa nje na vifuko vyake vya chavua vimefungwa, huku stigma nyeupe, yaani ncha ya juu ya sehemu ya kike, imesimama katikati ikiwa tayari kupokea chavua ya ua jingine. Nekta, yaani maji matamu yanayowavuta nyuki, wakati huo hutoka kwenye zile stameni 3 tasa. Baada ya saa chache ua hujifunga. Linapofunguka tena siku inayofuata, stameni zimerefuka na kusimama, vifuko vinapasuka, stigma mara nyingi imekwisha kunyauka, na sasa nekta hutoka kwenye tezi 6 za chungwa. Baada ya hapo ua hujifunga na halifunguki tena.

Miparachichi imegawanyika katika makundi mawili kufuatana na ratiba hiyo. Kundi A hufungua maua ya kike asubuhi, na maua hayohayo hurudi kama madume mchana wa siku ya pili. Kundi B hufungua maua ya kike mchana, na huyarudisha kama madume asubuhi inayofuata. Aina inayoitwa Hass imo katika kundi A, na Fuerte imo katika kundi B, lakini mti mwingi wa viwanjani umeota kutokana na kokwa lililotupwa au lililopandwa na mzee fulani zamani, wala hauna jina. Kwa hiyo usikisie. Simama chini ya mti saa 3 asubuhi, uinamishe tawi na kutazama maua yaliyo wazi kwa kioo cha kukuzia: ukiona stameni zimelala na stigma nyeupe, mti wako huenda ni wa kundi A. Rudi saa 9 alasiri siku hiyohiyo uhakikishe. Maua ya kiume yaliyo wazi yatakuwa mengine, yale yaliyoanza safari yao jana. Fanya hivyo siku mbili au tatu mfululizo kabla ya kukata chochote, na uchague siku zenye joto, maana baridi ya usiku, ambayo Agosti bado tunaisikia, huchelewesha kufunguka na kuivuruga ratiba nzima, hata ukakuta hatua zote mbili kwenye tawi moja kwa wakati mmoja.

Mti ukiwa wa jirani, ombi lifanywe vizuri. Mimi huingia na kusema, «Jambo mama, naomba tawi moja dogo la maua ya avoka, nataka kupiga picha za ndani yake.» Mara nyingi jibu ni, «Mwanangu, ukikata maua, mwakani tutakula nini?» Swali hilo ni la haki na lina jibu la kweli: chini ya ua 1 kati ya 100 hufikia kuwa tunda, na mengine yote huanguka yenyewe hata kama hakuna aliyeyagusa. Eleza hivyo kwa utaratibu, kata kijitawi kimoja cha urefu wa kiganja, na ukimaliza kazi urudi kumwonyesha mwenye mti picha zako. Mama mmoja aliyeziona alinipeleka mwenyewe kwenye mti wa dada yake.

Hewa ya Septemba ni kavu mno kwa kazi hii. Ua lililochumwa na kushikwa mkononi huanza kujikunja ndani ya robo saa, kwa hiyo weka kijitawi mara moja katika kopo la plastiki lenye kitambaa kibichi chini yake, ufunike, na ukiepushe na jua njiani. Ukifika nyumbani, tumbukiza mwisho wa kijitawi katika kikombe cha maji. Ikiwa kuna friji inayofanya kazi, dakika 10 ndani yake zitawatuliza wadudu wadogo wanaojificha kati ya stameni. Wasipotulizwa, watatembea katikati ya picha zako na kuziharibu.

Wembe

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka. Ua lililopasuliwa vibaya halitengenezwi na lenzi ya bei yoyote.

Nunua pakiti ya nyembe za kunyolea zenye makali pande mbili, uzivunje kila moja katikati kwa urefu zikiwa bado ndani ya karatasi yake, ili upate nusu mbili zisizokukata vidole. Nusu moja hutosha kwa mikato mitatu au minne tu. Wembe uliochoka haukati bali husukuma, na ovari iliyosukumwa huvuja maji na kubadilika rangi kuwa kahawia mbele ya macho yako, jinsi avoka lenyewe linavyobadilika likimenywa. Kwa sababu hiyo pia picha zinapaswa kuanza mara tu baada ya mkato.

Lishikilie ua kwa kikonyo chake, ukilipachika kwenye kipande cha nta laini au udongo wa kuchezea wa watoto, kichwa kikiwa juu. Amua kwanza mkato utapita wapi: upite katikati ya ovari, lakini uache upande mmoja angalau stameni mbili za ndani pamoja na tezi zake za chungwa. Weka wembe juu ya stigma, kando kidogo ya katikati, kisha uvute kuelekea kwako huku ukishuka taratibu, kwa mvuto mmoja mrefu usiokatizwa. Usibonyeze kwenda chini. Kukata kando kidogo ya katikati ni muhimu, kwa sababu unabaki na kipande chenye shingo nzima ya ovari, na unaweza baadaye kuchonga uso wake kwa mikato miwili myembamba mpaka yai lionekane ndani ya chumba chake. Ukilenga katikati kamili kwa mara moja, nusu ya majaribio yako yatakosa yai. Weka akiba ya maua 10 kwa picha moja unayoitaka. Nimekuwa nikifanya kazi hii kwa misimu kadhaa na bado sipati zaidi ya mikato mitatu mizuri katika kumi.

Kipande kilichokatwa kilaze juu ya nta, uso wa mkato ukitazama juu na ukiwa sambamba na jukwaa la hadubini. Usawa huo hukupunguzia idadi ya picha utakazohitaji. Vipande vya nje vinavyoziba mwanga viondolewe kwa kibano chenye ncha kali. Vumbi jekundu la mji wetu, ambalo kwa macho halionekani, chini ya lenzi litafanana na mawe yaliyomwagwa juu ya meza. Lisilipulizwe kwa mdomo, kwa maana mate hufuata. Tumia brashi ndogo ya kupakia rangi, iliyooshwa na kukaushwa vizuri, na ukae mbali na dirisha lililo wazi upande wa barabara ya udongo.

Mwanga

Hadubini ya shule hupitisha mwanga kutoka chini, na nusu ua ni kitu kinene kisichopitisha mwanga huo. Izime taa ya chini, uweke karatasi nyeusi isiyong'aa chini ya kipande, na ulete mwanga kutoka juu na pembeni. Taa mbili ndogo za betri, kama zile tunazowasha wakati wa delestaji, zinafaa kuliko taa za ukutani, na si kwa sababu ya kukatika kwa umeme peke yake: taa nyingi za bei nafuu zinazotumia umeme wa ukutani hupepesa kwa kasi ambayo jicho haliioni, lakini kamera huiona na kuiandika kwa mistari myeusi inayokata picha. Baadhi ya taa za betri nazo hupepesa zikipunguzwa nguvu, kwa hiyo ziwashe katika nguvu yake kamili.

Mwanga mtupu wa taa haufai. Nekta na uso mbichi wa mkato hung'aa kama kioo, na kila kimetemete kitakuwa doa jeupe lisilo na umbo. Chukua kikombe cheupe cha plastiki, kata kitako chake, ukisimamishe kama ukuta wa duara kuzunguka ua, kisha uangaze taa zote mbili kutoka nje ya ukuta huo. Mwanga ukipenya plastiki hulainika na kufika pande zote. Usogeze taa moja karibu na nyingine mbali kidogo, ili upande mmoja wa stameni ubaki na kivuli chepesi. Bila kivuli hicho picha itakuwa bapa, na tezi za chungwa, ambazo kwa kweli ni za mviringo, zitaonekana kama matone ya rangi yaliyopakwa.

Lenzi na kamera

Tumia lenzi ya chini yenye ukuzaji wa mara 4. Ina nafasi ya kutosha kati yake na ua kwa mwanga kuingia, na haihitaji kioo kifunikio. Kwa lenzi ya jicho yenye namba 18 iliyoandikwa ubavuni, eneo utakaloliona ni 18 kugawanywa kwa 4, yaani milimita 4.5, kwa hiyo ua zima halitaingia. Chagua ovari pamoja na stameni zinazoizunguka. Aliye na hadubini ya stereo, ile inayoanzia ukuzaji mdogo wa mara 10, ataweza kuanza na ua zima kisha kusogea ndani, na hiyo ndiyo hali bora zaidi, lakini asiye nayo asingoje.

Simu inatosha. Itengenezee shingo ya kadibodi au bomba la plastiki inayokaa kwa kubana juu ya lenzi ya jicho, isogeze juu na chini mpaka duara la mwanga lijae, na ukuze kidogo mpaka ukingo mweusi utoweke. Tumia kamera kuu ya simu na uiache ile ya pembe pana. Funga fokasi na kiasi cha mwanga kwa kushikilia kidole juu ya kioo, weka kipima muda cha sekunde 3 ili mguso wa kidole usitikise picha, na urekebishe rangi kwa kupiga kwanza karatasi nyeupe chini ya mwanga uleule.

Picha nyingi kuwa moja

Kwa lenzi ya mara 4 ya kawaida, ambayo ubavuni imeandikwa 0.10, unene unaoonekana wazi kwa mara moja ni takriban mikromita 55, na mikromita 1,000 ndizo milimita 1. Nusu ua lina kina cha karibu milimita 3. Hakuna picha moja inayoweza kuonyesha stigma na kitako cha stameni pamoja. Njia ni kupiga picha nyingi, kila moja ikiwa wazi katika tabaka lake, kisha kuziunganisha.

Anza na sehemu iliyo karibu zaidi na lenzi na ushuke mpaka ya mwisho. Kwenye hadubini nyingi alama moja ya kirungu kidogo cha kurekebishia fokasi ni mikromita 2, kwa hiyo ukienda alama 20 kila hatua unasonga mikromita 40, nayo ni chini ya ule unene wa 55, na picha zitashikana bila pengo. Kina cha milimita 3 kitahitaji picha 75. Zungusha kirungu upande mmoja tu tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukipitiliza na kurudi nyuma, meno ya ndani hulegea, na hatua inayofuata haitakuwa ya mikromita 40 tena. Fanya kazi kwa mwendo usiosimama, maana stameni hunyauka na kusogea ukichelewa. Picha 75 zisichukue zaidi ya dakika 15, na kitambaa kibichi kilichowekwa ndani ya ukuta wa kikombe kitakuongezea dakika chache.

Kuunganisha hufanywa kwenye kompyuta. Programu ya Picolay ni ya bure, ni ndogo, na ukishaipakua haihitaji tena intaneti, jambo ambalo kwa anayenunua megabaiti kidogo kidogo si dogo. Iambie ipange picha, izilinganishe, kisha iunganishe. Utakapokagua matokeo, tazama kasoro mbili. Ukiona ukungu unaozunguka stameni iliyo mbele, ujue tabaka zilirukwa au sehemu hiyo ilisogea. Ukiona mnyororo wa nukta nyeusi unaokatiza picha, hiyo ni chembe moja ya vumbi kwenye kamera au lenzi ya jicho iliyorudiwa katika kila picha: safisha, kisha upige tena kwa ua jipya. Sipendi kuzifuta nukta hizo kwa kompyuta, kwa sababu katika ua dogo hivi ni rahisi kufuta chembe ya chavua ukidhani ni vumbi.

Vifuko vinapofunguka

Katika hatua ya kiume kuna picha moja inayostahili siku nzima ya subira. Vifuko vya chavua vya avoka havipasuki kwa mfereji kama vya maua mengi. Kila kifuko kina milango 4 midogo inayojifungua kutoka chini kwenda juu, na kila mlango hubeba chavua juu yake kama trei. Chuma kijitawi kabla tu ya saa ya kufunguka mara ya pili, weka ua zima bila kulikata chini ya lenzi ya mara 4, elekeza kwenye kifuko kimoja cha stameni ya nje, na upige picha kila baada ya dakika 2. Ukavu wa hewa yetu, ambao mpaka hapa ulikuwa adui, sasa unakusaidia, kwani vifuko hufunguka vinapokauka. Ondoa kile kitambaa kibichi.

Kwa chavua yenyewe geukia lenzi ya mara 40, na wakati huo urudishe taa ya chini. Weka tone la glisirini kutoka duka la dawa juu ya slaidi, gusa tone kwa mlango mmoja uliofunguka, funika kwa kioo kifunikio cha unene wa milimita 0.17, ambao lenzi hiyo iliundwa kwa ajili yake. Kati ya lenzi hii na kioo hubaki kama nusu milimita. Ishushe huku ukitazama kwa pembeni, jicho likiwa usawa wa jukwaa, kisha tafuta fokasi kwa kuiinua tu. Nilivunja slaidi na kukwaruza lenzi ya hadubini niliyoazimwa kwa kufanya kinyume chake, na lenzi iliyokwaruzwa haiponi. Usitumie maji matupu badala ya glisirini, kwa sababu chembe za chavua hunywa maji, huvimba na mara nyingi hupasuka. Ikitokea zimepasuka, usitupe slaidi papo hapo: tazama vijichembe vilivyotoka ndani vinavyotikisika bila kukoma. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, Robert Brown, alitazama mtikisiko huohuo katika vijichembe vya chavua ya Clarkia pulchella, na jina lake limebaki kwenye mwendo huo hadi leo.

Kipimo na kumbukumbu

Kabla ya kuondoa kamera mahali pake, piga picha ya rula ya milimita kwa lenzi ileile na ukuzaji uleule wa simu. Ndiyo itakayokuwezesha kuchora mstari wa milimita 1 kwenye picha yako. Andika kwenye daftari tarehe, saa ya kuchuma, mti uliotoka, hatua ya ua, lenzi, na idadi ya picha zilizounganishwa. Picha ya ua la avoka isiyo na saa imepoteza nusu ya habari zake.

Mwisho, kwa ajili ya jozi ya jike na dume, funga uzi wa rangi kwenye vijitawi viwili vilivyo jirani mtini, kwenye maua yaliyofunguka siku moja. Kata kimoja siku hiyohiyo ukipige katika hatua ya kike, kingine ukiache mtini mpaka kesho yake, saa ya kufunguka kwa pili. Piga vyote viwili kwa lenzi ileile, mwanga uleule na upande uleule wa mkato, kisha uziweke picha sambamba, jike kushoto na dume kulia, kwa kipimo kimoja.